Kadiri ya Kila Kiumbe: Ndege wa Ziwani na Ndege wa Mlimani

Miongoni mwa mambo ambayo Mwislamu hufundishwa tangu utotoni ni kwamba Mwenyezi Mungu hakuumba kitu kwa kubahatisha. Aya ya 49 katika Sura ya Al-Qamar yatufahamisha ya kuwa kila kitu kimeumbwa kwa kadiri, yaani kwa kipimo. Twaisoma aya hii na twaiamini, kisha wengi wetu twaiacha hapo. Ni wachache wanaotoka nje ya nyumba zao wakatazama kipimo hicho kimewekwa wapi, na chafanya kazi namna gani. Katika makala haya twataka kukitazama kipimo kimoja tu, tena katika kiumbe ambacho kila mtoto anakijua, naye ni ndege. Swali letu ni jepesi: kwa nini ndege wa jamii moja mara nyingi huwa na mwili mkubwa mahali penye baridi, na mwili mdogo mahali penye joto?

Kutoka Chiwanda mpaka Mbinga

Hapana haja ya kusafiri mbali ili kuifahamu tofauti ya hali ya hewa. Chiwanda iko ufukoni mwa Ziwa Nyasa, kusini ya Mbamba Bay, upande wa kuelekea mpaka wa Msumbiji. Zamani ilihesabiwa katika Wilaya ya Mbinga; tangu mwaka 2012, ilipoundwa Wilaya ya Nyasa, imo katika wilaya hiyo mpya. Maji ya ziwa hapo yako kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari. Huko watu hulima muhogo na kuvua samaki, na jua la miezi ya Oktoba na Novemba huwa kali hata mchanga wa ufukoni haukanyagiki kwa miguu mitupu.

Mtu akiondoka huko, akapanda milima iliyo upande wa mashariki mpaka mjini Mbinga, huwa amefika kiasi cha mita 1,300. Akiendelea kupanda katika milima ya Umatengo, vilele vingine hukaribia mita 2,000. Huko juu hulimwa kahawa, na mahindi na maharage hupandwa katika yale mashamba ya mashimo yaitwayo ngoro, ambayo Wamatengo wamejulikana kwayo kwa vizazi vingi. Usiku wa mwezi wa Juni au Julai mtu wa Chiwanda akilala Umatengo hutafuta blanketi la pili.

Wataalamu wa hali ya hewa wametufundisha kwamba hewa hupoa kwa karibu nyuzi 6 za sentigredi kila mtu apandapo mita 1,000. Kwa hesabu hiyo, kati ya ufuko wa ziwa na mji wa Mbinga pana tofauti ya kama nyuzi 5, na kati ya ufuko na vilele vya Umatengo tofauti yaweza kufika nyuzi 9. Kwa binadamu jambo hili ni la nguo na blanketi. Kwa ndege, ambaye hana nguo ila manyoya yake, wala nyumba ila tawi la mti, tofauti hiyo yaweza kuwa ni ya uhai na mauti.

Joto la mwili ni kama moto wa jikoni

Mwili wa ndege huchemka kuliko mwili wetu. Joto letu sisi katika hali ya afya ni karibu nyuzi 37. La ndege wengi ni kati ya nyuzi 40 na 42. Moto huo hauwaki bure. Kuni zake ni chakula: mbegu, wadudu, matunda na utamu wa maua. Usiku ndege wa mchana hali kitu, na moto lazima uendelee kuwaka mpaka alfajiri kwa akiba aliyoikusanya mchana. Ikiwa joto lapotea upesi, akiba humalizika kabla ya mapambazuko.

Sasa, ni mwili gani upotezao joto upesi zaidi, mkubwa au mdogo? Mama wa nyumbani analo jibu. Akimimina chai katika kikombe na kuacha nyingine katika sufuria kubwa, kikombe hupoa kwanza, ijapokuwa chai ni moja na moto ulikuwa mmoja. Sababu yake ni ya hesabu, na kijana yeyote wa shule aweza kuihakikisha. Chukua masanduku manane madogo, kila moja lina urefu, upana na kimo cha sentimita 1. Kila sanduku lina nyuso 6; basi yote manane yakiwa mbalimbali yana nyuso 48 zinazopigwa na hewa. Yapange pamoja yawe sanduku moja kubwa, mawili kwa mawili kwa mawili. Vitu vilivyomo havikupungua, lakini nyuso zilizo nje sasa ni 24 tu. Nusu nzima zimejificha ndani.

Ndiyo maana watoto wakilala pamoja usiku wa baridi hupata joto. Na ndiyo maana mwili mkubwa, ukilinganishwa na uzito wake, una ngozi chache ya kupitisha joto kuliko mwili mdogo. Mahali pa baridi ukubwa ni kama blanketi. Mahali pa joto jambo hugeuka: mwili mdogo hupoa upesi, na ukubwa huwa mzigo.

Waliochunguza jambo hili

Kuwaza juu ya mahali na viumbe vyake si jambo geni kwa Waislamu. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria (sawa na 868 au 869 ya Kizungu), aliandika kitabu kikubwa cha wanyama kiitwacho Kitab al-Hayawan, na humo alizungumza namna nchi na hewa yake inavyoathiri wanyama wakaao humo. Walakini kanuni ya ukubwa wa mwili ilikuja kuandikwa waziwazi mwaka 1847 na Mjerumani Carl Bergmann. Yeye alisema kwamba katika wanyama wenye damu ya moto walio jamaa moja, wale wakubwa kwa kawaida huonekana katika nchi za baridi, na wadogo katika nchi za joto. Miaka 30 baadaye, mwaka 1877, Mmarekani Joel Asaph Allen aliongeza kwamba viungo vinavyochomoza mwilini, kama masikio na miguu, huwa vifupi katika baridi na virefu katika joto.

Hapa petu Afrika Mashariki aliyelishughulikia jambo hili alikuwa Mwingereza Reginald Moreau, aliyekuja Amani katika milima ya Usambara mwaka 1928 na kukaa huko miaka mingi akichunguza ndege. Miongoni mwa ndege aliowapima ni yule mdogo wa rangi ya manjano na kijani, mwenye duara jeupe kulizunguka jicho, ambaye katika vitabu vya Kiswahili huitwa kinengenenge. Ndege huyu na jamaa zake wako kila upande: wako katika vichaka vya pwani, wako katika misitu ya miombo, wako katika misitu ya milima mirefu, na kisiwa cha Pemba kina kinengenenge wake ambaye haonekani mahali pengine popote duniani. Mwaka 1957 Moreau alitoa kazi kubwa juu ya vinengenenge wa Afrika na visiwa vyake. Alionyesha kwamba kwa kawaida urefu wa bawa huzidi kwa kadiri mahali palivyo juu na palivyo baridi.

Uchunguzi wa nasaba uliofanywa katika miaka ya karibuni umeongeza ajabu nyingine. Zamani vinengenenge wa mlima huu na wa mlima ule walidhaniwa kuwa ni ndugu wa karibu kwa sababu ya kufanana kwao. Sasa imebainika kwamba baadhi yao si ndugu wa karibu hata kidogo. Kila mlima umewalea wakaazi wake mbalimbali, nao wakafanana kwa kuwa baridi waliyokutana nayo ni moja.

Hadithi ya shomoro

Mtu aweza kuuliza: je, tumejuaje ya kwamba ni hali ya hewa ndiyo iliyofanya kazi hii, wala si jambo jingine la tangu asili? Jibu zuri limetoka kwa shomoro wa majumbani, yule ambaye watu wa Unguja na Mombasa humwona kila siku akiokota punje penye maduka.

Shomoro huyu hakuwako Marekani. Watu walimchukua kutoka Ulaya wakamwachia huru New York katika miaka ya 1850 na kidogo baadaye, naye akazaana na kuenea bara zima, kutoka nchi za theluji upande wa kaskazini hata majangwa ya kusini. Mwaka 1964 wataalamu wawili, Richard Johnston na Robert Selander, walitangaza matokeo ya kuwapima shomoro wa kila upande. Wale wa nchi za baridi walikuwa wamekuwa wakubwa, na wale wa nchi za joto wamekuwa wadogo. Yote haya yalitukia katika muda wa miaka iliyopungua 115, muda ambao babu na mjukuu waweza kuushuhudia wote baina yao.

Wala si kwamba shomoro mmoja alinenepa kwa kuona baridi. Katika kila kizazi huzaliwa wakubwa kidogo na wadogo kidogo, kama watoto wa nyumba moja wasivyolingana kimo. Baridi kali ikija, wadogo hufa zaidi, na wakubwa hubaki wakazaa watoto walio mfano wao. Joto kali likija, huwa kinyume chake. Hivyo mahali huwachagua wakaao, polepole, kizazi baada ya kizazi.

Mdomo ulio kama dirisha

Ukubwa wa mwili si kipimo peke yake. Mdomo wa ndege hauna manyoya, na ndani yake mna mishipa ya damu. Kwa hiyo mdomo mkubwa ni kama dirisha la kutolea joto. Wataalamu walimchunguza hondohondo wa jangwa la Kalahari, na mwaka 2016 wakaeleza kwamba hewa ikifikia kiasi cha nyuzi 30 damu huenda kwa wingi mdomoni, na joto hutoka kupitia humo. Hewa ikiwa baridi, dirisha hufungwa. Mtu wa Chiwanda amwonapo hondohondo na mdomo wake mkubwa akadhani ni pambo tu, na akumbuke kwamba huenda chombo kile kina kazi zaidi ya moja.

Lakini yafaa tuwe waadilifu katika elimu. Kanuni hii ni ya walio wengi, si ya wote. Wako ndege wasioifuata. Mbayuwayu wa Ulaya huikimbia baridi ya kwao akaja kwetu, wala hangoji mwili wake uizoee. Wengine ukubwa wao hutegemea zaidi wingi wa chakula. Tena bawa refu la ndege wa mlimani huenda si kwa sababu ya baridi peke yake: hewa ya juu ni nyepesi, na hewa nyepesi yataka bawa kubwa ili kumbeba mwenye kuruka. Mwenye elimu husema kadiri alivyoona, wala haongezi.

Sababu na Mwenye kuzileta sababu

Hapa hutokea swali ambalo vijana wetu wa shule huja nalo nyumbani, na pengine wazazi hushindwa kulijibu hata wakakasirika. Kijana husema: mwalimu amefundisha kwamba ni baridi iliyomfanya ndege kuwa mkubwa, mbona chuoni tumefundishwa kwamba ni Mungu aliyemuumba? Mzazi akimkemea, kijana hunyamaza, lakini moyoni hudhani kwamba dini na elimu ni maadui. Hasara ya dhana hiyo ni kubwa kuliko hasara ya kutojua khabari za ndege.

Jibu si gumu. Mvua hunyesha kutokana na mawingu, nasi twasema Mwenyezi Mungu ameleta mvua. Mtoto huzaliwa kwa baba na mama, nasi twasema ameumbwa na Mola wake. Hapana ugomvi kati ya maneno haya mawili, kwa maana mawingu na wazazi ni sababu, na Mwenyezi Mungu ndiye aliyeziweka sababu na kuzipa nguvu zake. Baridi ya Umatengo ni kipimo. Aliyekiweka ni yule yule ambaye Sura ya Al-Mulk, Aya ya 19, yatuita tumtazamie ndege juu yetu wakikunjua mbawa na kuzikunja, hapana awashikiliaye ila Yeye. Aya hiyo haitukatazi kuuliza wanashikiliwaje. Yatuamrisha kutazama, na mwenye kutazama kweli lazima atauliza. Ajuaye kwamba uzito wa kinengenenge umepimwa kwa ubaridi wa usiku anaotakiwa kuumaliza, huyo amepata maana zaidi ya neno kadiri kuliko alivyokuwa nayo jana.

Kipimo kikiguswa

Walakini elimu hii ina upande wa pili, nao ni wa kutia hofu. Ikiwa mwili umepimwa kwa hali ya hewa, basi hali ya hewa ikibadilika mwili nao hauna budi kutikisika. Na hali ya hewa ya dunia yabadilika: joto limekuwa likipanda kwa ajili ya moshi wa mafuta na makaa yanayochomwa, na kwa ajili ya misitu inayokatwa.

Mjini Chicago, Marekani, wafanyakazi wa jumba moja la makumbusho wameokota kwa miaka mingi ndege waliokufa kwa kugonga majumba marefu wakiwa safarini. Walipopimwa ndege 70,716 wa namna 52, waliookotwa kati ya mwaka 1978 na 2016, ilionekana kwamba mfupa wa mguu, ambao ni dalili ya ukubwa wa mwili, umefupika kwa asilimia 2.4, na bawa limerefuka kwa asilimia 1.3. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2019. Mwaka 2021 yakaja mengine kutoka msitu wa Amazon: ndege wa namna 77 walichunguzwa kwa muda wa miaka 40, na uzito wao umepungua, ingawa msitu waliokamatwa humo haukukatwa.

Nasi hatuko mbali na jambo hili. Katika milima ya Usambara, ambako ndege wamechunguzwa kwa miongo mingi, ripoti iliyotolewa mwaka 2021 ilionyesha kwamba ndege wa milimani wamekuwa wakisogea juu wakiifuata baridi waliyoizoea. Mtu huweza kusema: na wapande basi, mlima uko. Lakini mlima una kilele. Ndege akifika kileleni na joto likamfuata hapo, atakwenda wapi? Na msitu ukiwa umefyekwa kati ya kilima na kilima, ndege wa ndani ya msitu, ambaye haruki mahali peupe, huwa kama mtu aliye kisiwani asiye na mtumbwi. Yaliyosemwa juu ya Usambara yafaa yasikilizwe pia na wenye mashamba na misitu ya milima iliyo juu ya Ziwa Nyasa.

Wajibu wa nyumba zetu

Dini yetu haikuliacha jambo la ndege bila ya mafunzo. Sura ya Al-An'am, Aya ya 38, yatueleza ya kuwa ndege warukao ni mataifa mfano wetu. Imam Muslim amepokea khabari ya Ibn Umar (r.a.), alipowapita vijana waliomfunga ndege wakamfanya shabaha, akawaambia kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani afanyaye kitu chenye roho kuwa shabaha. Na Abu Dawud amepokea kwa Ibn Mas'ud (r.a.) khabari ya ndege aliyenyang'anywa makinda wake akawa anapapatika, na Mtume (s.a.w.) akaamrisha warudishiwe mama yao. Baba amnunuliaye mtoto mpira wa manati na asimuulize aupeleka wapi, na azipime nafsi mbili hizo, ya mtoto na ya ndege, kwa mafunzo haya.

Badala ya manati, mtoto na apewe daftari na kalamu. Kijana wa Chiwanda aweza kuandika kila asubuhi, baada ya sala ya Alfajiri, ndege gani amewaona ufukoni, wanakula nini, na saa za jua kali wanajificha wapi. Kijana wa Mbinga na aandike hayo hayo huko juu penye baridi. Wakipelekeana daftari zao baada ya mwaka, watakuwa na elimu ambayo haikununuliwa kwa roho ya kiumbe hata kimoja. Na walimu wa vyuo vya Kurani hawatakosa njia ya kuziunganisha daftari hizo na aya wanazozisomesha.

Kisha na tupande miti. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Anas (r.a.) mafunzo ya Mtume (s.a.w.) ya kuwa Mwislamu apandaye mti au apandaye mbegu, na akala katika hicho ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Ametajwa ndege humo kwa jina lake. Mti mmoja kando ya shamba la ngoro, au karibu na kisima cha Chiwanda, ni kivuli mchana, ni makazi usiku, na ni daraja kwa ndege asiyeweza kuvuka mahali peupe. Mwenye kuupanda huenda akafariki kabla haujatoa tunda, na sadaka yake ikaendelea.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuviona vipimo vyake, akili ya kuvifahamu, na mikono isiyoviharibu. Amin.